SOMO: Kristali au rezoneta? Kuchagua, kuweka kapasita na kupima, tumalize maswali yanayojirudia

Kristali (ya kwazi) na rezoneta (ya kauri) ni vipande vinavyotetemeka na kuipa chipu mapigo ya saa yake. Wiki haipiti bila mtu kuuliza "kristali ya 16 MHz inakula kapasita ngapi" au "rezoneta ya miguu mitatu upande upi ni chanya". Nimechoka kujibu moja moja. Akiuliza mwenzako, mlete hapa.

Hatua ya 1: Jua kazi inataka usahihi gani. Usianzie dukani. Kosa la masafa hupimwa kwa ppm, yaani sehemu ngapi katika milioni. Siku ina sekunde 86,400, hivyo ppm 20 ni kama sekunde 1.7 kwa siku. Rezoneta ya kauri ya kawaida inakosea hadi 0.5%, ambayo ni ppm 5,000: ukiifanya saa, inaweza kupotea dakika 7 kila siku. Lakini kwa kengele, taa, pampu ya kuwasha na kuzima, hata mawasiliano ya UART (ya kutumana data kwa waya) yanayovumilia kosa la kama 2%, kauri inatosha kabisa. Bodi ya Arduino Uno R3 yenyewe imeiwekea chipu yake kuu, ATmega328P, rezoneta ya kauri. Kristali iko kwenye chipu ya USB pembeni, kwa sababu USB ya 12 Mb kwa sekunde inataka kosa lisizidi 0.25%. Kauri pia inavumilia kuanguka na mtikisiko kuliko kristali. Kifaa cha kufungwa kwenye bodaboda ya njia ya vumbi, kama hakitunzi saa, kipe kauri.

Hatua ya 2: Chagua masafa. Fuata karatasi ya chipu. Kama kifaa kinatunza saa: 32.768 kHz, kwa sababu ukiyagawa kwa mbili mara 15 unabaki na pigo moja kwa sekunde.

Hatua ya 3: Soma CL ya kristali. Ni mzigo wa kapasita ambao kristali ilipimwa nao kiwandani, kwa mfano 18 pF (pikofaradi), 20 pF au 12.5 pF. Muuzaji haijui? Tafuta namba ya kristali mtandaoni.

Hatua ya 4: Kapasita. Hii ndiyo iliyonitesa, isomeni polepole. CL ya 18 pF HAIMAANISHI unaweka kapasita mbili za 18 pF. Kristali inaziona zile mbili zikiwa mfululizo, kwa hiyo thamani inakatika nusu, kisha inajumlishwa na kapasita isiyoonekana ya njia za bodi na miguu ya chipu, kawaida 3 hadi 5 pF. Hesabu: toa hiyo isiyoonekana kwenye CL, zidisha kwa 2. CL 18, bodi 5: (18 − 5) × 2 = 26, weka 27 pF. CL 12.5, bodi 4: 17, weka 18 pF. Ukizidisha kapasita, masafa yanashuka, na ukizidisha sana kristali haiwaki, au inawaka leo na kesho inagoma. Ukipunguza, masafa yanapanda.

Tahadhari kubwa: maandishi ya kapasita. "220" ni 22 pF, kwa sababu sifuri ya mwisho ni idadi ya sifuri za kuongeza. "221" ndiyo 220 pF. "223" ni 22,000 pF. Nusu ya "kristali mbovu" zinazoletwa kwenye benchi zina 221 pembeni. Chukua za kauri aina ya C0G, zisizoyumba na joto.

Rezoneta ya miguu mitatu ina kapasita zake ndani. Usiongeze. Mguu wa kati unaenda graundi, ya pembeni haina chanya wala hasi. Ya miguu miwili inahitaji kapasita za nje.

Hatua ya 5: Kuchomelea. Karibu na chipu, njia fupi, lehemu sekunde 3. Zile kristali za saa (32.768 kHz) zenye umbo la mrija usizikunje mguu shinani, kioo kinapasuka. Shika kwa koleo milimita 2 au 3 kutoka kwenye mwili ndipo ukunje. Futa mabaki ya flaksi (dawa ya kulehemu) kwa spiriti: yakichanganyika na vumbi letu, mvua za kwanza zikinyesha yanavuta unyevu na kristali ya 32 kHz inazimika.

Hatua ya 6: Weka fyuzi za chipu (si za umeme, ni mipangilio inayoiambia chipu itumie saa ipi) zilingane na ulichofunga.

Hatua ya 7: Kupima. Multimita haipimi kristali. Kwenye omu inatakiwa isisome kitu. Ikisoma ndogo, imekufa. Oskiloskopu tumia probu ya ×10, na kumbuka nayo inaongeza kama 10 pF, inaweza kuzima kristali iliyokuwa inatembea. Bora utoe mapigo ya saa kwenye mguu wa chipu uitwao CKOUT upime hapo.

MASWALI

Fundi_Kizota: Mkuu saketi yangu haifanyi kazi nifanyeje

*Jibu:* Chipu gani? Kristali gani? Kapasita zimeandikwa nini? Rudi na picha.

Fundi_Kizota: ATmega328P, 16 MHz, zimeandikwa 221

*Jibu:* Hatua ya 4.

Mkulima_Hombolo: Nina taima ya kumwagilia zabibu, kristali ya 32.768 ya ppm 20. Iko kwenye kisanduku cha bati juani. Mchana inachelewa kuliko usiku. Ni kapasita?

*Jibu:* Swali zuri ndugu. Si kapasita, ni joto. Kristali hizi zimekatwa ziwe sahihi karibu na nyuzi 25. Ukitoka hapo, kwa joto au kwa baridi, zinachelewa: 0.034 ppm mara tofauti ya nyuzi, iliyozidishwa kwa yenyewe. Kisanduku kikifika nyuzi 55 tofauti ni 30, na 30 × 30 × 0.034 ni kama ppm 31, sawa na sekunde 2.6 kwa siku kama joto halishuki. Weka kisanduku kivulini, kipake rangi nyeupe. Ukitaka umalize kabisa, tumia chipu ya saa ya DS3231: ina kristali ndani na inajisahihisha kwa joto, ppm 2 kati ya nyuzi 0 na 40.

Mdau_Kibaigwa: Nimetoa kristali ya 27 MHz kwenye gari la watoto la rimoti, kwenye chipu inasoma 9 tu. Feki?

*Jibu:* Si feki. Nyingi za hizo zimetengenezwa kutumika kwenye mtetemo wa tatu, yaani mara tatu ya ule wa msingi. Saketi ya kawaida ya chipu inaziamsha kwenye mtetemo wa msingi, theluthi. Irudishe kwenye gari la mtoto.

Binti_wa_Kondoa: Kwa nini kwenye chipu za 8051 wanatumia 11.0592 na si 12 kamili?

*Jibu:* Dada, gawa kama chipu inavyogawa: 11,059,200 kwa 12, kwa 32, kwa 3, unapata 9,600 kamili, kasi ya kawaida ya UART. Kwa 12 MHz unapata 10,417, kosa la zaidi ya 8%, herufi zinakuja takataka. Namba mbaya kwa macho, tamu kwa UART.

Jr_Area_C: Moduli ya WiFi ya ESP32 niweke kristali gani

*Jibu:* Moduli ina 40 MHz ndani ya kile kifuniko. Usiweke kitu.

Fundi_Kizota: Nimebadilisha kapasita, inawaka. Ila nyingine niliweka fyuzi ya kristali bila kristali, sasa programa (kifaa cha kuandikia chipu) haiioni. Nitupe?

*Jibu:* Usitupe, haijafa, inasubiri mapigo ya saa. Chukua Arduino nyingine, itoe mawimbi ya mraba ya 1 MHz kwenda XTAL1 (mguu wa chipu wa kuingizia saa), unganisha graundi, punguza kasi ya programa, kisha andika fyuzi upya.

Mzee_wa_Rimoti: Nyongeza kwa vijana: rimoti ya TV iliyoanguka ikakataa, kabla ya kulaumu betri au LED angalia rezoneta ya 455 kHz. Chipu inaigawa kwa 12 kupata 38 kHz za kutuma. Ikipasuka, hakuna mawimbi.

*Jibu:* Asante mzee. Na kabla ya kufungua, elekeza LED kwenye kamera ya simu ubonyeze kitufe. Kama kamera ya nyuma haionyeshi mwanga, jaribu ya mbele, ya nyuma mara nyingi ina kichujio.