Pikipiki ziko Kampala, wewe uko Manchester: dereva ni mwajiriwa wako?

Umenunua pikipiki tatu, dada yako anazisimamia, na vijana wanapeleka mizigo kutoka Kikuubo hadi Ntinda na Kira. Kila mmoja ametia sahihi karatasi inayosema yeye ni mkandarasi huru. Karatasi hiyo usiitegemee sana. Mkigombana, afisa wa kazi wa wilaya, au Mahakama ya Viwanda inayoamua migogoro ya kazi, atataka kujua kazi inavyokwenda kwa kweli: nani hupanga saa, pikipiki ni ya nani, je, kijana anaweza kukataa safari, kumtuma mwenzake au kubebea wateja wengine?

Dada akimpigia saa moja asubuhi kumuuliza mbona hajafika, naye anavaa jaketi lenye nembo yako na kulipwa kiasi kilekile kila mwezi, huyo ni mwajiriwa. Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inatambua hata mkataba wa mdomo. Anayeleta hesabu ya wiki, kinachobaki kikawa chake, na wateja akajichagulia, yuko karibu zaidi na ukandarasi. Shida ni kwamba wengi wetu huko nje tunataka hesabu ije na amri pia zitoke kwetu, kwa WhatsApp.

Kumwita kibarua hakusaidii: kanuni za ajira za 2011 zinampa haki ya mkataba wa maandishi akishafanya kazi miezi minne mfululizo.

Akiwa mwajiriwa, kuna NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Tangu marekebisho ya 2022, hata mwenye mfanyakazi mmoja lazima achangie. Asilimia 10 ni yako, asilimia 5 inakatwa kwake. Kwa mshahara wa shilingi 400,000, unaongeza 40,000, yeye anakatwa 20,000. Hizo 40,000 zako uziweke kwenye bei ya kupeleka mzigo tangu mwanzo.

Mimi hunitisha zaidi ajali. Akiumia kazini, fidia ni juu ya mwajiri, na sheria inakutaka uwe na bima ya wafanyakazi. Ile bima ya lazima ya pikipiki ni ya kumlinda mtu wa tatu, si dereva wako. Ulizia bima kabla hujatuma pesa za pikipiki ya nne.

Na huyo dada? Kama anasimamia kila siku kwa maagizo yako na unamtumia posho kila mwezi, jiulize maswali hayohayo juu yake.