Kutambua na kufuga kilifishi wa msimu

Nothobranchius ni kilifishi wa msimu, yaani samaki wadogo wa madimbwi yanayokauka, ambao mayai yao husubiri mvua udongoni. Dume wake hung'aa kwa rangi nyekundu au buluu. Jike ni wa kijivu. Usichanganye spishi tangini kamwe: majike hufanana mno, ukishawachanganya hutaweza kuwatenganisha.

Dume mmoja na majike wawili hutoshea katika lita 20, nyuzi 22 hadi 24, chujio la sponji lenye mkondo mpole. Funika vizuri, maana huruka.

Weka bakuli la mboji ya kinamasi (peat) iliyochemshwa, kina sentimita 3, hutaga humo. Kila wiki kamua mboji hadi ibaki na unyevu kidogo, ifunge mfukoni, andika spishi na tarehe. Baada ya miezi 3 hivi kagua mayai. Macho ya vifaranga yakionekana wazi ndani ya mayai, mimina maji ya nyuzi 18 juu ya mboji. Ukiharakisha, vifaranga hushindwa kuogelea na hutambaa chini.