Ukipewa simu ya toleo jipya badala ya ile ya zamani: mambo ya kulinganisha kabla hujaondoka dukani

Shangazi yangu anaishi katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kongwa, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka soko la nafaka la Kibaigwa, na simu yake ndiyo ofisi yake. Kwa simu hiyo huulizia bei ya mahindi na alizeti, hupokea malipo, na jioni husikiliza taarifa ya habari ya redio. Ilipoharibika ikiwa bado ndani ya dhamana, duka moja la hapa Dodoma mjini lilikubali kumbadilishia, na kwa kuwa toleo lake lilikuwa limekwisha, akapewa toleo lililofuata. Sote tulimpongeza. Siku tatu baadaye alinipigia kwa simu ya jirani akasema, "Mwanangu, simu ni nzuri, lakini haina redio, kadi yangu haina pa kukaa, na waya wake hauingii kwenye boksi la sola." Simu ile haikuwa mbovu hata kidogo. Ilikuwa tofauti tu, na hakuna aliyemwonyesha tofauti hizo alipokuwa bado amesimama kaunta.

Nimeandika maelezo haya kwa ajili ya mtu aliye katika hali kama yake, awe amebadilishiwa kwa dhamana, amenunuliwa simu na mwanawe, au amenunua mwenyewe baada ya kuibiwa. Toleo jipya huongeza mambo fulani na huondoa mengine, na yale yaliyoondolewa hayaandikwi kwenye boksi. Ni juu yako kuyatafuta, na wakati mzuri wa kuyatafuta ni pale ambapo muuzaji bado yuko mbele yako na risiti haijakunjwa.

Soma namba ya modeli, usitosheke na jina

Jina la biashara linaweza kubeba simu mbili au tatu zisizofanana. Samsung Galaxy A15, kwa mfano, ilitoka kwa namna mbili: ile ya 4G ambayo namba yake huanza na SM-A155, na ile ya 5G ambayo namba yake huanza na SM-A156, na kila moja ina prosesa yake, yaani ubongo wake. Tecno Spark 10 nayo ilitoka pamoja na ndugu zake, yaani 10C, 10 Pro na 10 5G, na mtu akikuambia tu kwamba amekupa "Spark 10" hajakuambia jambo la kutosha. Fungua Mipangilio, shuka hadi palipoandikwa Kuhusu simu, kisha nakili namba ya modeli ya simu zote mbili kwenye karatasi. Ikiwa ya zamani haiwaki, namba hiyo huwa kwenye boksi lake na mara nyingi imechapwa mgongoni kwa herufi ndogo sana.

Ukiwa hapo hapo, bonyeza *#06# upate namba ya IMEI, yaani utambulisho wa simu hiyo pekee, yenye tarakimu 15, uilinganishe na ile iliyo kwenye boksi, kisha uitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ili uone kama inatambulika. Tangu simu bandia zilipozimwa nchini Juni 2016, hatua hii haifai kurukwa, hata kama duka unaliamini. Vilevile hakikisha IMEI ya simu mpya imeandikwa kwenye risiti au kadi ya dhamana. Kadi yenye IMEI ya simu iliyorudishwa haitakusaidia lolote simu hii ikija kuharibika.

Kuhusu kumbukumbu, angalia kwa makini ile namba kubwa ya RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, inayotangazwa. Simu nyingi za bei ya kati siku hizi huandikwa "GB 8" wakati RAM halisi ni GB 4, na nne zilizobaki zimekopwa kutoka kwenye hifadhi ya picha na programu. Mara nyingi utaona maandishi madogo ya "4+4" pembeni. Nafasi hiyo ya kukopa ni ya polepole kuliko RAM yenyewe, na tena inapunguza nafasi ya kuweka vitu vyako. Kwa hiyo, kama simu yako ya zamani ilikuwa na GB 6 halisi, umepewa pungufu ingawa boksi linaonyesha zaidi.

Kamera sitazizungumzia sana. Megapikseli 50 kwa kawaida hutoa picha ya takribani megapikseli 12, kwa sababu simu huunganisha nukta nne kuwa moja ili ipate mwanga zaidi. Piga picha moja ndani ya duka na nyingine mlangoni kwenye jua, uzikuze zote mbili, macho yako yatatosha kuamua.

Matundu na trei

Hapa ndipo watu wengi huumia, na kwa maoni yangu kingo za simu zinastahili kuangaliwa kwa muda mrefu kuliko kioo chake. Shika simu zote mbili mkononi, ya zamani kushoto na mpya kulia, uzizungushe taratibu na uhesabu kila tundu.

Anza na tundu la hedifoni. Samsung Galaxy A52 ya mwaka 2021 ilikuwa nalo, na A53 iliyofuata mwaka 2022 haikuwa nalo; Apple walikuwa wamekwisha kuliondoa tangu iPhone 7 ya mwaka 2016. Anayesikiliza muziki atasema si kitu, maana zipo hedifoni zisizo na waya. Lakini kwa shangazi yangu tundu lile lilikuwa redio. Katika simu zenye redio ya FM, waya wa hedifoni ndio unaofanya kazi ya antena, na tundu likiondolewa mara nyingi redio nayo huondolewa. Ile programu ya redio aliyowekewa badala yake hupitia intaneti, kwa hiyo kila dakika ya taarifa ya habari inakula bando, na mtandao ukiyumba sauti inakatika. Kama unasikiliza redio bila bando, mwambie muuzaji akuonyeshe programu ya FM ikikamata stesheni hapo hapo, huku hedifoni imechomekwa na data imezimwa. Adapta ya kuunganishia hedifoni kwenye tundu la chaji itakurudishia muziki, lakini haiwezi kukurudishia redio ambayo simu yenyewe haina.

Halafu vuta trei ya laini. Zipo trei zenye nafasi tatu, yaani laini mbili na kadi ya kumbukumbu kila moja mahali pake. Zipo zenye nafasi mbili tu, ambapo kadi na laini ya pili hugombea kiti kimoja. Na zipo zisizo na nafasi ya kadi kabisa. Galaxy S21 ya mwaka 2021 iliacha kadi ambayo S20 ilikuwa nayo, na mwaka 2025 A56 ikafanya vivyo hivyo baada ya A55. Katika mkoa wetu, ambako mtu huweka laini mbili kwa sababu mtandao mmoja unashika Mpwapwa na mwingine unashika Chemba, nafasi hii si jambo dogo. Ikiwa laini yako ni ya ukubwa wa zamani na trei inataka nano, yaani ile ndogo, usiikate kwa mkasi. Nenda kwa wakala wa mtandao wako ukiwa na kitambulisho cha NIDA ubadilishiwe, namba yako itabaki ile ile.

Mwisho ni tundu la chaji. Simu nyingi mpya hutumia Type-C, yaani tundu dogo lenye umbo la yai, hata iPhone tangu ile ya 15 ya mwaka 2023, kwa hiyo waya wa simu ya zamani huenda usifae. Kuna tatizo jingine ambalo halionekani mpaka ufike nyumbani: waya unaokuja na baadhi ya simu una kichwa cha Type-C pande zote mbili, wakati boksi la sola, pawabenki ya zamani na kichwa cha chaja ulicho nacho vina tundu bapa la USB. Isitoshe, simu nyingi siku hizi hazina kichwa cha chaja ndani ya boksi. Fungua boksi kabla ya kulipa na, kama ni hivyo, nunua palepale waya wenye upande mmoja bapa na mwingine Type-C. Chaja yenye wati nyingi kuliko simu inavyohitaji haitaidhuru, mradi ni halisi, kwa kuwa simu ndiyo inayochagua kiasi cha umeme inachopokea. Lakini kasi iliyoandikwa kwenye boksi utaipata tu ikiwa chaja na waya vyote viwili vinaimudu.

Kwa kuwa tunaishi na vumbi, uliza pia alama ya IP. Tarakimu ya kwanza ndiyo ya vumbi na ya pili ni ya maji: IP67 ina maana vumbi haliingii kabisa, na IP54 ina maana vumbi linaweza kupenya kidogo na simu inavumilia marasharasha tu. Anayeshinda sokoni au shambani wakati wa upepo wa kiangazi ataujua umuhimu wa tarakimu hiyo pale spika itakapoanza kukoroma.

Mtandao wa nyumbani kwako, si wa mjini

Simu ikishika vizuri karibu na Nyerere Square haijathibitisha chochote kuhusu kijiji kilicho nyuma ya mlima huko Kondoa. Mawimbi ya masafa ya chini, kama megahezi 700 na 800, husafiri mbali na kupenya kuta kuliko yale ya 1800 na 2100. Simu iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la nchi nyingine inaweza kukosa mojawapo ya masafa yanayotumika kwetu, na hapo 4G itakuwepo mjini na kutoweka kijijini. Tafuta namba ya modeli intaneti, usome orodha ya masafa yake, kisha uulize mtandao wako unatumia yapi eneo lako. Simu za iPhone 14 na za baadaye zilizouzwa Marekani zina jambo la ziada la kuangalia: matoleo ya huko hayana trei ya laini, yanategemea eSIM, yaani laini iliyo ndani ya simu isiyo ya kuchomeka, kwa hiyo usinunue ya mtumba kutoka huko kabla hujajua kama mtandao wako utakuhudumia kwa njia hiyo.

Huduma ya 5G ilianza nchini mwaka 2022, lakini kama mahali unapoishi haijafika, chagua 4G kwenye mipangilio ya mtandao ili simu isipoteze betri ikitafuta kisichokuwepo.

Kuhamisha vitu vyako

Kama unabadilishiwa kwa dhamana, duka litabaki na simu ya zamani, kwa hiyo kuhamisha vitu kunatangulia kukabidhi. Omba muda, hata wa siku moja. Ni haki kuomba, na muuzaji muungwana hatakataa.

Fedha zako za M-Pesa, Airtel Money au huduma nyingine ya simu ziko kwenye namba, haziko ndani ya kifaa. Ukihamisha laini, salio linakufuata. Programu ya huduma hiyo na zile za benki ndizo zitakazotaka ujitambulishe upya, na hapo utaandika namba ya siri mwenyewe, bila kumpa kijana wa dukani hata kama ana nia njema.

Majina ya watu angalia yamehifadhiwa wapi, kwa kuwa yaliyo kwenye simu pekee hayahami na laini. Yaweke kwenye akaunti ya Google. Kwa WhatsApp, ikiwa simu zote mbili zinawaka, ziweke karibu na ufuate Mipangilio, kisha Gumzo, kisha Hamisha gumzo, halafu usome kwa simu ya zamani msimbo wa QR unaoonekana kwenye simu mpya. Njia hii haihitaji bando la kupakia, wakati nakala ya Google Drive sasa inahesabiwa ndani ya zile GB 15 za bure na inaweza kugoma ikiwa picha zimekwisha kujaza nafasi hiyo. Kadi ya kumbukumbu ukiichomeka na simu mpya ikakuomba ruhusa ya kuifomati, kataa, uirudishe kwenye simu ya zamani, unakili picha kwanza. Kufomati kunafuta kila kitu.

Alama za vidole hazihami, utazisajili upya. Kwa mtu wa jembe, ambaye ngozi ya vidole imekwaruzika, sajili kidole kimoja mara mbili na uhakikishe anakumbuka namba ya kufungulia. Na ikiwa vile vitufe vitatu vya chini havionekani, simu inatumia mtindo wa kutelezesha kidole uliokuja na Android 10 mwaka 2019; tafuta neno "usogezaji" ndani ya Mipangilio, urudishe vitufe. Shangazi nilimfanyia hivyo, na lalamiko moja likaisha kwa nusu dakika. Waya wa sola tulinunua. Kwa ajili ya kadi na redio tulirudi dukani tukiwa na karatasi ya namba za modeli, na baada ya mazungumzo ya utulivu akabadilishiwa tena, akachukua simu ya daraja la chini kidogo yenye tundu la hedifoni na trei ya nafasi tatu.

Kabla ya kukabidhi simu ya zamani, toa laini, toa kadi, kisha ondoa akaunti ya Google kwa mkono ndani ya Mipangilio, na baada ya hapo ndipo ufute vyote. Ukifuta kwa vitufe vya pembeni bila kuondoa akaunti, simu itajifunga, nalo duka litakupigia kuuliza nywila yako.