Kichanja cha pasheni: mambo ya kuzingatia kabla ya kuchimba shimo la kwanza

Mche wa pasheni ukitoka kitaluni ni mdogo kiasi kwamba mtu huona kijiti kimoja kinautosha. Lakini ukianza kuzaa, miezi sita hadi tisa baada ya kupandwa, waya uliotandazwa juu ya nguzo, yaani kichanja chenyewe, unakuwa umebeba majani, matunda na maji ya mvua kwa pamoja, na upepo unayasukuma yote kama tanga la jahazi. Mzigo huo ndio wa kuujengea. Nasisitiza pia kichanja kisimame kabla mche haujaingia ardhini, kwa sababu ukichimbia nguzo baadaye utakata mizizi, na jeraha la mzizi ni mlango wa kuvu wanaoleta mnyauko.

Anza kwa kujua unapanda pasheni ipi. Ya zambarau hupenda baridi ya milimani, kama Lushoto au Njombe; ya njano ndiyo ya ukanda wa joto, Tanga na Pwani. Kitaluni uliza kama mche wa zambarau umebebeshwa, yaani umeungwa, kwenye shina la njano, maana shina hilo huvumilia mnyauko vizuri zaidi. Ukichagua ya njano, usipande mche mmoja peke yake. Ua lake kwa kawaida hukataa chavua ya mmea wake wenyewe, tena hufunguka karibu na adhuhuri na kufunga usiku, tofauti na la zambarau linalofunguka alfajiri. Wanaolichavusha vizuri ni wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Watafutie gogo kuukuu lililokauka, uliweke pembeni ya shamba, wapate pa kukaa bila kuzitoboa nguzo zako.

Mahali pawe na jua la kutosha na pasituamishe maji. Safu ikielekea kaskazini na kusini, upande mmoja hupata jua la asubuhi na wa pili la alasiri. Epuka kupakana na kunde: vidukari wake, wadudu wadogo wanaofyonza majani, huweza kuleta virusi vinavyofanya tunda la pasheni kuwa dogo, gumu na lenye ganda nene.

Sasa nguzo. Urefu wa futi 8, yaani kama mita 2.4, unatosha: sentimita 60 ziingie ardhini, mita 1.8 zibaki juu. Kimo hicho mtu mzima anakifikia bila ngazi, na matawi yanapata nafasi ya kuning'inia bila kugusa udongo. Mkaratusi hupatikana kwa urahisi, lakini mchwa wanaupenda. Ukiweza, nunua nguzo zilizotiwa dawa kiwandani. Wengi hupaka oili chafu ya gari sehemu ya chini. Mimi siishauri, kwa kuwa udongo huohuo ndio utakaolisha mizizi ya tunda unalokula. Nguzo moja hadi nyingine iwe mita 6, na udongo urudishwe shimoni kidogo kidogo huku ukishindiliwa kwa mtaimbo kila tabaka.

Nguzo za mwisho ndizo za kufikiria kuliko zote. Ya katikati huvutwa na waya pande zote mbili, kwa hiyo inatulia. Ya mwisho huvutwa upande mmoja tu, mchana na usiku, na mvua ikilainisha ardhi huinama kuelekea ndani. Waya ukilegea hapo, safu nzima inashuka. Kwa hiyo andaa mapema vigingi viwili imara. Kila kimoja kichimbiwe nje ya nguzo ya mwisho, umbali wa mita moja na nusu hivi, kikiwa kimelalia nje, kisha ufunge waya kutoka juu ya nguzo hadi kwenye kigingi. Kama mpaka wa kiwanja haukuruhusu kutoka nje, weka mti wa kuegemeza kwa upande wa ndani, ukikinga kifua cha nguzo.

Waya uwe wa geji 14 (kipimo cha unene wake), uliopakwa zinki. Ule mwembamba wa kufungia nondo usinunue hata kama ni rahisi. Huota kutu, hulegea, na hukata shina linapouegemea. Kwa safu ya mita 24 utahitaji nguzo 5 na miche 8 kwa nafasi ya mita 3, ukianzia mita moja na nusu kutoka nguzo ya kwanza ili hakuna mche utakaoangukia kwenye nguzo. Urefu wa waya ongeza wa kuzungushia na wa vigingi. Weka tayari misumari ya U, plaizi, kamba ya kunyooshea safu, na kamba za katani za kuupandisha kila mche hadi kwenye waya. Kama ni safu zaidi ya moja, acha mita 2 katikati.

Kazi hii ifanyike wiki kadhaa kabla ya masika. Mvua za kwanza zikishanyesha, pita ukitikisa kila nguzo kwa mkono, shindilia tena zinazocheza, kaza waya, ndipo ulete miche.