Kabla Masika Hayajaingia: Skuli Ijipange Vipi

Masika yetu hapa Pemba huanza Machi na kushika hadi Mei. Kwa hiyo Februari ndiyo wakati wa mwalimu mkuu kukaa na walimu wenzake, kamati ya skuli na sheha, wakaulizana swali moja kabla ya mengine: mvua kubwa ikishuka saa tano asubuhi, watoto tunawaweka au tunawatoa?

Mazoea ni kuwatoa. Wingu likijikusanya, kengele inagongwa, kila mtu mbio kwao. Mimi naona hatari kubwa iko hapo, kuliko hata kwenye paa bovu. Pemba ni vilima na mabonde. Bonde la mpunga alilolivuka mtoto asubuhi kwa viatu mkononi, mvua ikishapiga, linageuka mto. Maji yaendayo kasi, hata kina chake kikiwa sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima, seuze mtoto wa darasa la pili.

Basi walimu waandike mapema nani anapita bonde gani, na nani anarudi kwao kwa chombo, kama watoto wa visiwa vya Kojani na Makoongwe. Hao wabakishwe mpaka maji yapungue au mzazi aje mwenyewe. Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani yetu Mei 2024, boti za Unguja na Dar es Salaam zilisimamishwa. Ngarawa haina wa kuisimamisha, ila mwalimu atakayewakatalia watoto kupanda.

Kuwabakisha nako kuna kazi yake. Mabati yaliyolegea yapigiliwe sasa, na maji ya kunywa yawepo ya kutosha. Wazazi nao wajue tangu mwanzo kwamba mtoto asipoonekana siku ya mvua yuko skuli, la sivyo watamiminika kumtafuta na kuyapita mabonde yale yale. Simu zikikatika, kipaza sauti cha msikiti kinafika mbali; imamu akubaliane na skuli mapema.

Jambo jingine linalosahauliwa ni hesabu. Skuli zetu nyingi zina mikondo miwili, na adhuhuri watoto wa asubuhi wanatoka huku wa mchana wanaingia. Moto ukizuka dakika hizo, nani atajua waliomo ni wangapi? Rejista iliyofungiwa kabatini haimsaidii mtu. Kila mwalimu atoke nayo mkononi, aite majina nje, na wa mkondo unaoingia wasiachiwe kutawanyika uani kabla ya kuhesabiwa.

Mahali pa kukusanyika kwa kawaida ni chini ya muembe. Kwa moto, sawa, iwapo uko mbali na jengo. Kwa radi, hapana kabisa: ngurumo ikisikika, watoto waingie darasani, wakae mbali na nondo za madirisha, na wasirudi uwanjani mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Chini ya minazi msikusanyike kwa lolote. Upepo wa kusi na nazi mbivu mnaujua wenyewe. Kwa hiyo kengele ziwe mbili tofauti. Penye rimu ya gari iliyotundikwa, mapigo ya haraka yasiyokatika yawe ya kutoka nje, na matatu matatu yawe ya kuingia ndani. Hata wa darasa la kwanza atayashika.

Dahalia zitazamwe peke yake, hasa usiku. Mlango usifungwe kwa kufuli kutoka nje watoto wakiwa wamelala, na dirisha moja walau liwe na nondo zinazofunguka kwa ndani. Namba 112 na simu ya kituo cha Zimamoto kilicho karibu ziandikwe ukutani kwa rangi. Karatasi huliwa na mchwa. Mtoto asiyesikia au asiyeweza kutembea apangiwe wenzake wawili wa kutoka naye.

Mafuriko yakishapita, kisima kisitumike mpaka kitiwe dawa, maana vyoo vikifurika kipindupindu hakichelewi.

Mwisho, mazoezi. Yafanywe kwa kila mkondo, na moja lifanywe bila mwalimu mkuu kuwepo, kwani siku ya tukio huenda yuko mkutanoni Chake Chake na ufunguo wa ofisi umo mfukoni mwake.