Kutoka droo za kadi hadi Koha: jaribu vitabu 60 kwanza

Mkutubi aliyezoea droo za kadi akisikia katalogi inahamia mtandaoni, hufurahi na kusita kwa wakati mmoja. Hufurahi kwa kuwa anaijua kazi ya kuandika kadi tatu kwa kitabu kimoja: ya mwandishi, ya jina la kitabu na ya mada. Husita kwa kuwa kadi haizimiki umeme ukikatika. Yote mawili yana msingi, na namna ya kuyapima ni kujaribu programu kwa vitabu vya rafu zako mwenyewe, si kwa maonyesho ya muuzaji.

Koha, programu ya kuendesha maktaba, inafaa kuanza nayo. Ilianza kutumika Januari 2000 katika maktaba za Horowhenua, New Zealand, na jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Haina ada ya leseni. Gharama yako ni seva, umeme na mtu wa kuitunza, na huyo mtu ndiye adimu kuliko vyote. Kwa wiki mbili za mwanzo usisakinishe chochote; tumia mojawapo ya tovuti za majaribio ambazo jumuiya ya Koha imezifungua kwa umma. Yeyote duniani huweza kuingia humo, kwa hiyo usiandike jina wala namba ya simu ya mwanachama halisi.

Chagua vitabu 60: 20 vya Kiingereza, 20 vya Kiswahili vyenye ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu), 10 vya Kiswahili vya zamani visivyo nayo, na 10 vinavyokusumbua hata kwenye kadi, kama ripoti za serikali na vitabu vya juzuu kadhaa. Kwa kila kimoja andika dakika ulizotumia. Mwisho wa zoezi utakuwa na hesabu yako ya muda, nayo ndiyo ya kumpelekea bosi.

Usiandike rekodi mwanzo kabla ya kutafuta iliyo tayari. Katika ukurasa wa katalogi, bonyeza sehemu ya Z39.50, yaani njia ya kuchukua rekodi kutoka maktaba nyingine, chagua Library of Congress, ingiza ISBN. Usikate tamaa mapema kwa vitabu vya kwetu: maktaba hiyo ya Marekani ina ofisi Nairobi tangu 1966 inayokusanya machapisho ya Afrika Mashariki. ISBN nyingi za Kenya huwa na 9966 baada ya 978, za Tanzania 9976 au 9987. Kitabu kisicho na ISBN kitafute kwa jina na mwandishi, halafu linganisha mambo manne na kitabu kilicho mkononi: jina, toleo, mwaka na idadi ya kurasa. Kurasa zikitofautiana sana, hilo ni toleo jingine, liache.

Rekodi ikishaingia, kagua sehemu ya 082 (kila sehemu ya rekodi ina namba yake), ndiyo namba ya Dewey, mpangilio wa vitabu kwa mada. Fasihi ya Kiswahili ni 896.392, ukiongeza 1 kwa ushairi, 2 kwa tamthilia, 3 kwa riwaya na hadithi. Ukikuta PL8704, hiyo ni namba ya mpangilio wa Library of Congress. Usiibandike kwenye mgongo wa kitabu kama rafu zako ni za Dewey. Na kama miaka yote riwaya zako zimekaa chini ya herufi R, ifuate rafu. Rafu haihamishwi ili kuifurahisha kompyuta.

Hapa ndipo mkutubi mzoefu anapohitajika kuliko programu. Rekodi uliyoichukua imewekewa mada za Kiingereza, na msomaji wako ataandika "ushairi" au "ufugaji wa kuku" akaambiwa hakuna kitu. Ongeza sehemu ya 653, ambayo hupokea maneno huru, uandike yale ambayo watu huyataja wanapokuja kaunta. Weka umoja na wingi. Utafutaji wa kompyuta umezoea lugha ambazo neno hubadilika mwishoni, ndiyo maana alama ya nyota huwekwa mwisho wa neno. Kiswahili hubadilika mwanzoni: anayetafuta "mtoto" hapati "watoto", wa "mti" hapati "miti". Andika yote mawili. Sehemu hii moja ina faida kuliko mapambo yote ya ukurasa wa mbele, kwa hiyo usiiruke hata ukiwa na haraka.

Kitabu kisichopatikana popote utakiandikia rekodi mwenyewe. Zinatosha sehemu za 020 (ISBN), 100 (mwandishi), 245 (jina la kitabu), 264 (mchapishaji na mwaka), 300 (kurasa) na 653. Angalia kiashiria cha pili cha 245, yaani idadi ya herufi za kurukwa wakati wa kupanga. Kitabu cha Kiingereza kinachoanza na "The" kina 4, pamoja na nafasi. Kiswahili hakina neno la namna hiyo, basi ni 0 daima. Ukinakili rekodi ya Kiingereza kama kiolezo ukasahau kubadili, "Mashairi" yatapangwa kwenye A, kama "airi".

Wengi huanza kwa kuorodhesha vitabu kwenye Excel. Si vibaya, lakini kabla ya kuandika chochote ifanye safu ya ISBN na ya msimbopau kuwa maandishi, si namba. Vinginevyo 000123 inakuwa 123, na ISBN ya Kenya inaonekana 9.78997E+12. Ukihifadhi faili hilo kama CSV, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, tarakimu za mwisho zimepotea, na vitabu vyote vyenye 9966 vinabaki na namba moja.

Misimbopau chapa kwenye karatasi za A4 zenye lebo 65, kwa printa ya leza. Wino wa maji huchuruzika kwenye unyevu wa pwani. Tumia namba ileile ya daftari la kupokelea vitabu, tarakimu sita. Acha weupe wa milimita 6 kila upande wa mistari, maana skana hushindwa kusoma mistari iliyobanwa ukingoni.

Akili mnemba itumie kwa tahadhari. Inaweza kukusaidia rasimu ya muhtasari ukiipa maandishi ya jalada la nyuma. Usiiulize ISBN wala mwaka: hutunga namba inayoonekana sahihi kabisa ya kitabu kisichokuwepo.

Kwa siku za umeme kukatika, weka daftari kaunta lenye saa, namba ya mwanachama, namba ya kitabu, na "katoka" au "karudi". Umeme ukirudi, ingiza kwa mpangilio wa saa, ukibadili tarehe ya kurudisha iwe ya siku ile, ili mtu asitozwe faini isiyo yake. Na kabla ya kusajili wanachama, chagua mpangilio wa kutohifadhi historia ya usomaji. Kadi ya zamani haikumwambia mtu yeyote nani alisoma kitabu cha UKIMWI mwaka juzi. Mfumo mpya nao usiseme.

Droo za kadi zisitupwe. Geuza kila kadi usome nyuma: hapo ndipo zilipo kalamu za waliokutangulia, nani alitoa kitabu, juzuu lipi lilipotea, nakala ipi iko ofisini kwa mkuu. Hamishia maelezo hayo kwenye rekodi ya nakala, halafu subiri uhakiki wa rafu. Kadi, kitabu na rekodi vikilingana, kadi hiyo itoe kwenye droo. Visipolingana, iache ilipo.