Pawa saplai ya transfoma kwa priampu ya santuri

Soma kwanza maandishi nyuma ya priampu, yaani kifaa kinachokuza sauti hafifu ya sindano ya santuri. Ikiandikwa 12V DC, ipe volti 12 za DC, si 9 wala 15. Zipo priampu zinazotaka AC, umeme unaogeuka mwelekeo kama wa ukutani. Hizo ziache na adapta zake. Ampea zikizidi hazidhuru, maana kifaa huvuta kiasi kinachohitaji tu.

Ukijenga pawa saplai ya 1A, chukua transfoma ya 15V, 30VA, daraja la daiodi la kugeuza AC kuwa DC, kapasita ya 4700µF yenye uwezo wa 35V, kisha LM7812, regyuleta inayoshikilia volti kwenye 12. Kwenye kapasita utapata takriban volti 20, zikiyumba kama volti 2 kwa mzigo kamili. LM7812 huhitaji zaidi ya volti 14 kuingia, kwa hiyo nafasi inatosha hata umeme wa ukutani ukishuka kidogo. Volti zinazobaki hugeuka joto, wati 6 hadi 7. Ifunge kwenye bati la kupozea, la sivyo itajizima na muziki utakatika. Upande wa 230V weka fyuzi na ufunike viungio vyote. Hapo pana kifo.

Kabla ya kuchomeka, pima kwa mita: nyekundu ndani ya plagi, nyeusi nje. Ikitokea alama ya kutoa na priampu inataka chanya ndani, ncha zimegeuzwa. Adapta nyingi za zamani za 12V zisizo na regyuleta hutoa volti 16 zisipobeba mzigo.

Weka transfoma nusu mita mbali na kichwa cha sindano. Mvumo ukibadilika unapoisogeza, chanzo ni sumaku yake.